Jinsi ya kuomba shahada ya uzamili ya utawala wa umma: anza na yanayochukua muda

Wengi wanaotaka kusoma shahada ya uzamili ya utawala wa umma, ile inayojulikana kwa kifupi kama MPA, huanza kwa kufungua akaunti kwenye tovuti ya chuo na kujaza fomu. Jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya pasipoti, mambo yanakwenda vizuri mpaka wanapofika mahali pa kueleza kwa nini wanataka kusoma. Hapo wanakwama. Siku zinayoyoma, wadhamini, yaani watu wa kuwaandikia barua za kuwapendekeza, wanapigiwa simu usiku, na chuo cha zamani kinaombwa nakala ya matokeo itoke kesho yake.

Fomu ni kazi ya jioni moja. Uzito wa ombi uko kwenye yale yanayotegemea watu wengine na yale yanayohitaji kufikiriwa kwa muda mrefu, ndiyo maana mwongozo huu unafuata muda na si kurasa za fomu. Jipe mwaka mzima kabla ya muhula unaoulenga. Kama masomo yanaanza Septemba, maandalizi yaanze Septemba ya mwaka uliotangulia, kwa sababu vyuo vingi hufunga madirisha ya maombi miezi mingi kabla ya masomo, na baadhi ya wafadhili hufunga mapema kuliko vyuo.

Hatua ya kwanza: jua unachoomba

MPA humwandaa mtu kuendesha taasisi: bajeti, watumishi, manunuzi, sheria ya utawala, maadili, uongozi. Ndugu yake wa karibu, MPP, yaani shahada ya uzamili ya sera za umma, huelemea uchambuzi wa sera, na humo takwimu na uchumi hupewa nafasi kubwa zaidi. Vyuo vingine huchanganya vyote viwili, kwa hiyo usiishie kwenye jina la shahada. Fungua orodha ya masomo ya lazima uisome somo kwa somo. Ikiwa unachotaka ni kupima kama mpango wa serikali umefanya kazi, halafu masomo ya lazima hayana hata somo moja la takwimu, hapo si mahali pako hata kama chuo kina jina kubwa.

Angalia pia programu imelenga mtu wa umri gani kikazi. Uingereza shahada ya namna hii kwa kawaida huchukua mwaka mmoja, na Marekani mara nyingi miaka miwili. Zipo programu za watu waliokwisha kukaa kazini muda mrefu, husomwa kwa muda mfupi zaidi au jioni na mwishoni mwa wiki. Mwenye uzoefu wa miaka kumi akiomba programu ya vijana waliotoka chuoni juzi, atajikuta anafundishwa anachokifanya kila siku. Kijana naye akiomba ile ya wazoefu atakataliwa mapema.

Kuhusu ubora, tafuta ithibati, yaani uthibitisho wa chombo cha nje kwamba programu inafikia viwango. NASPAA hutoa ithibati kwa programu za utawala wa umma na sera, za Marekani na za baadhi ya nchi nyingine. Ulaya kuna EAPAA. Kukosa ithibati hizo hakumaanishi chuo ni kibaya, ila kunakulazimu kuuliza zaidi: nani wanafundisha, na wahitimu wanafanya kazi wapi.

Hatua ya pili: vyeti na mitihani

Omba nakala rasmi ya matokeo ya shahada ya kwanza mara moja, hata kama hujaamua chuo. Hili ndilo hukwamisha watu, kwa sababu ofisi za wasajili hufanya kazi kwa kasi yake. Baadhi ya vyuo vya Marekani hutaka matokeo ya nje yatathminiwe kwanza na shirika kama WES, na tathmini hiyo nayo ina muda wake na ada yake.

Matokeo ya IELTS na TOEFL, mitihani ya Kiingereza, hutumika kwa miaka 2, na ya GRE, mtihani wa hesabu, lugha na uandishi kwa wanaoomba shahada za juu, kwa miaka 5. Panga tarehe ya mtihani ukijua hilo, na uache nafasi ya kurudia. Programu nyingi sasa hazilazimishi GRE. Hata hivyo, ikiwa alama zako za hesabu chuoni zilikuwa dhaifu, mtihani huo ni nafasi ya kuonyesha uwezo wako wa sasa. Njia nyingine ni kusoma kozi fupi ya takwimu au uchumi kabla ya kuomba, ukaambatanisha cheti.

Hatua ya tatu: wadhamini

Kwa kawaida hutakiwa wawili au watatu, mmoja wa darasani na mmoja wa kazini. Usitafute mwenye cheo kikubwa, tafuta aliyekuona ukifanya kazi. Barua ya mkurugenzi mkuu isemayo wewe ni mchapakazi na mwaminifu haina uzito mbele ya barua ya msimamizi wako wa karibu anayeeleza namna ulivyosuluhisha mgogoro wa posho kati ya idara mbili.

Mwombe miezi miwili kabla, na usimwache atafute kumbukumbu peke yake. Mtumie wasifu wako, rasimu ya maelezo yako ya dhamira (insha ya kueleza kwa nini unataka kusoma), tarehe ya mwisho, na mambo mawili aliyoyashuhudia. Kwa mfano: “Mwalimu, naomba kukukumbusha andiko langu la mwaka wa tatu kuhusu kodi ya majengo, lile ulilonirudishia sura ya pili niiandike upya.” Sentensi kama hiyo humrudishia mwalimu picha yako yote, na barua yake hutoka ikiwa na mwili. Wiki mbili kabla ya tarehe ya mwisho, mkumbushe kwa adabu.

Hatua ya nne: maelezo ya dhamira

Hapa ndipo pa kuwekeza nguvu. Wanaosoma maombi hukutana mara nyingi na ufunguzi wa aina hii: “Tangu utotoni nimekuwa na shauku ya kuitumikia jamii yangu, na naamini utawala bora ni nguzo ya maendeleo.” Hakuna uongo ndani yake, lakini mtu yeyote angeweza kuiandika, kwa hiyo haimwelezi mwombaji hata kidogo.

Sasa soma hii: “Nilipohamishiwa dawati la vibali vya ujenzi, faili moja lilikuwa likipita kwa maofisa sita kabla ya kusainiwa, na wawili kati yao walihakiki kitu kile kile, yaani hati ya kiwanja. Nikapendekeza uhakiki huo ufanyike mara moja, mwanzoni. Mkuu wangu alikubali, ila ikaonekana sheria ndogo inataja saini zote mbili. Sikujua sheria ndogo hubadilishwa vipi, wala nani ana mamlaka ya kuibadilisha.”

Mwombaji huyu hakufanikiwa, na bado aya yake ina nguvu kuliko ya kwanza. Imeonyesha tatizo la umma kutoka ndani, imeonyesha alichojaribu, na imefika mahali ujuzi wake ulipogota. Swali la kwa nini anataka kusoma limejibiwa kabla halijaulizwa. Kinachobaki ni kuonyesha masomo gani ya chuo hicho yanagusa pengo hilo, kama vile sheria ya utawala au usimamizi wa mabadiliko katika taasisi, kisha aseme anakusudia kurudi kwenye kazi ya aina gani.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika, jiulize: ni shida gani ya umma niliyoiona kwa macho yangu, mimi nilikuwa na sehemu gani, na nilishindwa wapi? Kama hujawahi kuajiriwa serikalini, usihofu. Asasi ya kiraia, shule, zahanati, hata kamati ya wanafunzi ina bajeti, kanuni na watu wasioelewana. Andika rasimu, iache wiki moja, kisha futa kila sentensi ambayo mwombaji mwingine angeweza kuitia sahihi yake.

Hatua ya tano: fedha

Soma masharti ya wafadhili mapema, maana yanatofautiana hata katika kipi kitangulie. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, hutaka uzoefu wa kazi wa miaka 2, unaohesabiwa kuwa saa 2,800, humtaka mwombaji ataje kozi tatu, na humbana arudi nchini kwake kwa miaka 2 baada ya masomo. Hiyo huombwa kabla hujapata udahili. Ufadhili wa pamoja wa Japani na Benki ya Dunia, kwa raia wa nchi zinazoendelea, unataka uzoefu wa miaka 3 baada ya shahada ya kwanza, na unataka uwe tayari umeshadahiliwa kwenye programu iliyo katika orodha yao. Ukisubiri udahili ndipo uanze kutafuta fedha, ufadhili wa Chevening utakuwa umekwisha kukupita.

Hatua ya sita: fomu, kisha majibu

Sasa jaza fomu. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, na likitofautiana na la vyeti, andaa hati ya kiapo. Wasilisha siku kadhaa kabla ya mwisho, kwa sababu mitandao huelemewa siku ya mwisho.

Majibu yakija, angalia kama udahili una masharti au hauna. Ukithibitisha nafasi na kuonyesha fedha, chuo hukutolea hati ya kuombea viza: I-20 kwa Marekani, CAS kwa Uingereza. Kagua kila herufi kabla ya kuitumia kuomba viza.

Kama wewe ni mtumishi wa umma, usilipe amana ya chuo kabla ya kupata ruhusa ya masomo kwa maandishi. Barua yako ya kuomba ruhusa itaje jina la programu, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, nani analipa, na kazi utakayoirudia. Ruhusa ikichelewa, omba chuo kikuhamishie nafasi mwaka unaofuata; vyuo vingi hukubali vikiarifiwa kabla masomo hayajaanza.