Kupata densiti ya asali kwa chupa na mizani ya jikoni

Asubuhi nafundisha fizikia kidato cha pili, jioni nauza asali ninayoletewa kutoka Sikonge. Kazi zote mbili zinanitaka nigawanye tungamo kwa ujazo, maana densiti ndiyo hiyo tu: tungamo juu, ujazo chini. Tungamo mizani inakusomea yenyewe. Ujazo ndio wenye maneno, na humo ndimo wanafunzi wangu wanamopoteza maksi.

Kwa jiwe mambo ni mepesi. Lipime likiwa kavu, tuseme gramu 96. Tia maji kwenye silinda ya kupimia hadi sentimeta za ujazo 60, lifunge uzi, lizamishe taratibu. Maji yakipanda hadi 96, ujazo wa jiwe ni 36, siyo 96! Gawanya 96 kwa 36 upate 2.67, yaani gramu 2.67 kwa kila sentimeta moja ya ujazo. Jicho lako liwe usawa wa maji, usome pale chini maji yalipobonyea. Na mapovu yaliyong'ang'ania jiwe yapukute, kwani nayo yanahesabiwa kama jiwe.

Asali haitaki silinda. Ukiimimina kutoka kwenye silinda nusu inabaki ukutani, halafu nani ataosha? Mimi natumia chupa ya kioo yenye mdomo mpana na mfuniko wake. Ya plastiki siitaki, ukiishika inabonyea na ujazo unabadilika.

Pima chupa tupu na mfuniko wake. Yangu ina gramu 210. Ijaze maji mpaka pomoni, funga, ifute nje ikauke, pima tena: 720. Maji peke yake ni gramu 510, na kwa kuwa gramu moja ya maji inachukua sentimeta moja ya ujazo, chupa ina ujazo wa 510. Kwa joto letu la nyuzi 25 hadi 30 maji ni mepesi kidogo kuliko hivyo, ila tofauti haifiki hata nusu ya asilimia moja. Kwa kazi hii iache.

Mwaga maji, kausha chupa kabisa, tone lisibaki. Sasa tia asali polepole. Ukiimimina kwa pupa inameza hewa, na densiti itakayotoka ni ya asali na hewa. Iache itulie hadi mapovu yapande juu, ongeza palipopungua, funga, futa, pima. Yangu ikasoma 934. Toa 210, inabaki 724. Gawanya kwa 510: 1.42.

Hiyo ni asali iliyoiva. Sehemu moja kati ya tano ingekuwa maji ya kuongezwa, jibu lingeshuka karibu na 1.34, tofauti ambayo mizani ya gramu moja moja inaiona bila shida. Lakini usimtangaze muuzaji kuwa mwaminifu kwa sababu ya 1.42. Sukari iliyochemshwa ikawa nzito nayo inafika hapo hapo. Kipimo hiki kinakamata maji, sukari hakiikamati.

Mtihani ukikutaka kilo kwa mita ya ujazo, zidisha kwa 1000: asali ni 1420. Kila mwaka kuna anayegeuza gramu kuwa kilo vizuri, kisha sentimeta za ujazo akazigawanya kwa 100 kana kwamba anapima kitambaa. Mita moja ya ujazo ina sentimeta za ujazo 1,000,000.

Wafugaji wa nyuki, hili ni lenu hasa. Ndoo ya lita 20 ikijaa asali ya 1.42 inabeba kilo 28.4 bila kuhesabu ndoo. Mnunuzi akikwambia "ndoo ya ishirini, nakulipa kilo ishirini," kilo 8.4 zimeondoka bure. Kabla ya kutaja bei muulize analipa kwa lita au kwa kilo. Akisema kilo, ndoo ipande mizani mbele yenu wote wawili, na ndoo tupu ipimwe pia.