Kabla hujampinga, rudia alichosema

Mkiwa kwenye majadiliano ya kikundi na unataka kumpinga mwenzako, kwanza irudie hoja yake kwa maneno yako: "Kama nimekuelewa, unataka tuanze na swali la tatu kwa sababu ndilo lenye alama nyingi?" Mwache aitikie au akusahihishe. Mara nyingi mtagundua mlikuwa mnabishania vitu viwili tofauti kabisa.

Wengine wakizungumza, mimi huandika neno moja tu pembeni mwa daftari, hoja yangu isinipotee na nisimkatize mtu.

Na yule aliyekaa kimya tangu mwanzo? Mwite kwa jina, kwa upole: "Wewe unaonaje?" Kisha subiri, hata kimya kikirefuka. Usimsemee.