Goti Linauma na Kesho ni Siku ya Miguu: Mambo ya Kuzingatia Kabla

Goti likianza kulalamika, mimi silikimbilii goti kwanza. Nafungua daftari la mazoezi na kurudi nyuma wiki tatu hivi. Mara nyingi jibu liko humo: uzito uliongezwa kilo 10 kwa mkupuo, siku ya miguu ilikuwa moja kwa wiki zikawa mbili, au nilianza kuchuchumaa hadi chini kabisa bila kupunguza mzigo. Misuli ya paja hupata nguvu ndani ya wiki chache. Kano, ule ukanda mgumu unaounganisha pia ya goti (kile kifupa cha mbele ya goti) na mfupa wa muundi, haina haraka hiyo; hiyo huhesabu miezi. Ndiyo maana mapaja yanaweza kuuona mzigo mwepesi huku goti limeshazidiwa. Kama huna daftari, andika hata kwenye simu.

Halafu weka kidole panapouma. Pakiwa ni sehemu moja tu, chini kidogo ya pia, kano ndiyo inayoshukiwa. Maumivu yakiizunguka pia ya goti au yakiwa nyuma yake, na yakizidi ukishuka ngazi au ukikaa muda mrefu magoti yamekunjwa, basi panaposhukiwa ni mahali kifupa hicho kinapokutana na mfupa wa paja. Mlio wa "ka, ka" usio na maumivu usikunyime usingizi. Ila goti lililovimba, linalokwama lisikunjuke, linaloachia ghafla ukitembea, au lisiloweza kubeba uzito wako, hilo si la jimu tena; mpelekee daktari. Likiwa jekundu na la moto huku una homa, nenda siku hiyohiyo.

Kiwango cha maumivu utakachokubali kipange ungali nyumbani, kwa sababu ukishashika chuma hukumu yako haiaminiki. Kwa kipimo cha 0 hadi 10, mimi huishia 3. Maumivu yakivuka hapo, napunguza uzito au kina cha kuchuchumaa. Yakiwa makali ya kuchoma, naacha zoezi lile. Na usimeze dawa ya maumivu ili uweze kufanya mazoezi. Utakuwa umemziba mdomo shahidi pekee uliyenaye.

Maandalizi yenyewe ndiyo watu huyaruka. Dakika 5 hadi 10 za baiskeli au kutembea haraka zinatosha kuupasha mwili moto, lakini goti linataka pia kuonyeshwa njia. Tuseme leo unakusudia kuchuchumaa na kilo 80. Anza na chuma kitupu cha kilo 20, mara nane, taratibu. Weka 40, mara tano. Weka 60, mara tatu. Kila unaposhuka hesabu moja, mbili, tatu, na usijidondoshe ukadundia chini. Tazama goti lielekee upande wa vidole vya mguu, lisiingie ndani. Kama kwenye 60 tayari linasema, kilo 80 za leo zimeahirishwa, na hakuna aliyekufa.

Kuna wanaoogopa goti kupita vidole vya mguu. Kupita si kosa; miguu mirefu hailazimiki kufanana na mifupi. Ni kweli mzigo wa goti huongezeka, kwa hiyo goti likiuma unaweza kupunguza mwendo huo kwa muda tu. La kuangalia zaidi ni kisigino. Kikiinuka ukishuka, huenda kifundo cha mguu ni kigumu, au umevaa viatu vya kukimbilia vyenye soli laini inayobonyea. Badilisha viatu kwanza, ni rahisi kuliko kubadilisha mwili.

Uwe pia na zoezi la akiba. Kuchuchumaa hadi kugusa benchi kunakupa kina kilekile kila mara. Kuegemea ukuta kama umekaa kwenye kiti kisichokuwepo, sekunde 30 hadi 45, mara nne au tano, huwafaa wengi ambao kano ndiyo inayowasumbua. Pandisha mgongo ukutani ikiwa kona ya goti ni kali mno. Ongeza kuinua nyonga ukiwa umelala chali, na kuinua mguu ukiwa umelala ubavu. Misuli ya nyonga ikilegea, goti ndilo linaloyumba. Kifuniko cha goti kinaleta joto na kujiamini. Kivae ukipenda, lakini hakijawahi kumpunguzia mtu kilo alizoongeza bila mpango.

Kupumzika kabisa kwa wiki nyingi sikupendekezi, isipokuwa daktari ameagiza: kano isiyobebeshwa kitu hudhoofika, na ukirudi unaanzia chini zaidi. Acha siku moja au mbili kati ya siku za miguu, kisha uliulize goti lenyewe. Asubuhi inayofuata siku ya mazoezi, shuka ngazi bila kushika ukuta. Likiwa kama lilivyokuwa jana kabla ya mazoezi, mzigo ule unarudiwa. Likiwa baya zaidi, futa 80 kwenye daftari, andika 65.