Somo: Kingamwili zinavyokizuia kirusi cha HTLV-1, na mahali zinapogota

Kila mwaka wanafunzi wangu wa maabara hapa Moshi hunirudishia swali lilelile: mtu amepimwa, damu yake imekutwa na kingamwili (protini za ulinzi za mwili) dhidi ya kirusi fulani, halafu anaambiwa kirusi bado anacho. Sasa hizo kingamwili zinafanya kazi gani? Nitajibu kwa kirusi kimoja, HTLV-1, kinachosababisha saratani ya chembe nyeupe za damu. Kiyoshi Takatsuki na wenzake wa Japani waliieleza saratani hiyo mwaka 1977. Mwaka 1980 timu ya Robert Gallo, Marekani, ikatangaza kirusi chenyewe, retrovirusi (kirusi kinachogeuza maelekezo yake ya RNA kuwa DNA) ya kwanza kugunduliwa kwa binadamu.

Hatua ya 1: Kijue kinavyonasa

Ukipita shamba la kahawa kule Kibosho baada ya masika, unatoka na kishonanguo suruali nzima. Kile kimbegu hakina nguvu yoyote, kina vijimiba tu kwenye ncha. HTLV-1 nacho kimejaa protini zilizochomoza. Ya nje inaitwa gp46, na iliyoishikilia kwenye utando inaitwa gp21. Kazi ya gp46 ni kunasa: kwanza kwenye minyororo ya sukari iliyo juu ya seli, kisha kwenye protini iitwayo neuropilini-1, kisha GLUT1. GLUT1 ni mlango ambao seli huutumia kila siku kuingizia glukosi, kwa hiyo haiwezi kuuziba. Kikishanasa, gp21 inajikunjua, inauchoma utando wa seli na kuuunganisha na wa kirusi. Kimeingia.

Hatua ya 2: Kingamwili zinaipaka miba tope

Kingamwili ina umbo la Y, na ncha za mikono yake miwili zimechongwa kushika kitu kimoja tu. Chukua kishonanguo ukichovye kwenye tope zito mpaka miba yote ifunikwe, kisha kipitishe kwenye kitambaa. Hakishiki. Kingamwili kali zaidi dhidi ya HTLV-1 hushika eneo la katikati ya gp46, na hapo kirusi hakiwezi kuendelea na safari ya kunasa. Hakijauawa, ila hakina tena pa kushikia. Huko ndiko tunakoita kukibatilisha kirusi.

Mkia wa ile Y nao una kazi. Kingamwili ikiishika seli iliyoambukizwa inayoonyesha gp46 juu yake, mkia huo huziita seli za ulinzi zije kuiangamiza seli yote.

Hatua ya 3: Hapa ndipo pagumu, soma polepole

HTLV-1 hakipendi kuelea kwenye damu. Kwa mgonjwa wa kawaida, virusi huru kwenye majimaji ya damu ni vichache mno. Seli iliyoambukizwa huisogelea seli isiyoambukizwa, zikagandana, na virusi vikapita katikati palipobanana. Nafasi ya kingamwili kufika hapo ni finyu.

Kikishaingia, kimeng'enya chake hugeuza RNA kuwa DNA, na DNA hiyo hupachikwa ndani ya vinasaba vya seli yenyewe. Kingamwili haziingii ndani ya seli. Seli ikigawanyika, binti zake wote wanazaliwa na kirusi, bila gp46 hata moja kuhitajika. Protini ya kirusi iitwayo Tax huisukuma seli igawanyike, na nyingine, HBZ, husaidia kuendeleza ukoo huo kimyakimya. Ndiyo maana saratani huweza kuja baada ya miongo kadhaa, kwa takribani watu 5 katika kila 100 walioambukizwa.

Kwa hiyo kingamwili ni walinzi wa mlangoni. Zikitangulia kufika, zinaokoa. Watafiti wa Japani waliwapa sungura kingamwili kutoka kwa binadamu wenye HTLV-1, na sungura hao wakakingwa dhidi ya damu yenye seli zilizoambukizwa. Mimi naliona jaribio hilo kuwa ushahidi mzuri kuliko wote katika somo hili.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa Pasua: Shikamoo mwalimu. Umesema kirusi kiko ndani ya seli. Je, kwenye maziwa ya mama?

Jibu: Marahaba, mama. Ndiyo, maziwa yana seli, na hiyo ndiyo njia kuu ya mama kumwambukiza mtoto. Lakini mtoto huzaliwa na kingamwili za mama zilizopita kwenye kondo la nyuma, nazo hupungua miezi inavyokwenda. Hatari huongezeka sana kunyonyesha kukizidi miezi 6, na inaaminika kupungua kwa kinga hiyo ni sababu mojawapo. Nakuomba usimwachishe mtoto kwa sababu ya somo hili. Hilo ni la kuzungumza na mhudumu wako wa kliniki baada ya kipimo.

Mwanafunzi, Njiro, Arusha: Mwalimu, VVU hubadilika kila mara na kuzikwepa kingamwili. Na hiki je?

Jibu: Swali zuri, kijana wangu. Hiki hubadilika kidogo sana, kwa sababu huongezeka zaidi kwa seli kugawanyika kuliko kwa kujinakili upya. Kingamwili inayoishika gp46 ya mtu wa Japani ina nafasi nzuri ya kuishika ya mtu wa Gabon. Chanjo iliyoidhinishwa bado haipo, lakini shabaha yake haihamihami.

Baba wa Kiboriloni: Kwa hiyo kipimo kikionyesha kingamwili, nina kinga au nimeambukizwa?

Jibu: Kwa mtu mzima, kaka, kipimo kikithibitishwa, umeambukizwa, maana kirusi hiki hakitoki. Kwa mtoto mchanga ni tofauti: zinaweza kuwa za mama yake tu, kwa hiyo husubiriwa zipotee kwanza, au inatafutwa DNA ya kirusi ndani ya seli za mtoto mwenyewe.