Kabla Hujauza Karatasi kwa Kilo: Ofisi Ndogo ya Kodi Inapohamia Skana

Ofisi yetu ina watu wanne, ghorofa ya tatu, River Road, Nairobi. Kwa miaka mingi robo nzima ya chumba ilikuwa ya makabati ya chuma, maana yake tulikuwa tunalipa kodi ya nyumba ili kodi za watu wengine zipate pa kulala. Mvua za Aprili 2024 zilipokuja, dari ikavuja juu ya kabati la tatu, na kwa siku mbili tukawa tunaanika ankara za wateja kwenye viti kama mtu anayeanika omena. Hapo nikasema basi, tunanunua skana. Uamuzi ulikuwa mzuri. Haraka ndiyo iliyotuponza, kwa hiyo nisikilize kabla hujamwita kijana wa mkokoteni.

Usianze Juni. Hili halihitaji maelezo kwa mtu wa kazi hii: tarehe 30 Juni ndiyo mwisho wa ritani za watu binafsi, na kampuni zinazofunga hesabu Desemba zinaangukia siku hiyo hiyo. Anza Julai, na hata Julai fanya kazi ya skana kati ya tarehe 21 na mwisho wa mwezi, PAYE (kodi ya mishahara) ya tarehe 9 na VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya tarehe 20 zikishapita. Mtu anayeskani huku simu zinalia hukosea.

Nunua skana yenye trei ya kulisha karatasi yenyewe, inayosoma pande zote mbili kwa mpito mmoja na yenye kihisi cha kugundua karatasi mbili zilizoshikana. Ile ya kuinua kifuniko na kulaza karatasi mojamoja ni ya kitambulisho na cheti cha ndoa. Maduka ya Luthuli Avenue watakuonyesha nyingi. Nenda na bahasha yako ya risiti zilizokunjamana uijaribu palepale dukani, usijaribu na karatasi safi anazokupa muuzaji.

Tenga muda wa kung'oa pini za stepla. Watu hupiga hesabu ya mwendo wa mashine, karatasi 40 kwa dakika, wakadhani kabati litaisha Jumamosi moja. Mashine ni mbio, vidole ndivyo polepole. Kwetu, saa moja ya kuskani ilitanguliwa na saa tatu za kung'oa pini, kunyoosha pembe na kubandua risiti zilizogandana. Pini moja ikiingia ndani hukwaruza kioo, na kuanzia hapo kila ukurasa unatoka na mstari mweusi ulionyooka kama reli.

Mpangilio: nukta 300 kwa inchi, na rangi iwe imewashwa. Rangi hufanya faili kuwa kubwa zaidi, najua, lakini muhuri wa bluu wa benki na sahihi ya kalamu nyekundu huweza kufifia au kupotea kabisa ukichagua nyeusi na nyeupe. Washa pia usomaji wa maandishi ili faili itafutike kwa neno. Na usivutwe na chaguo la kubana faili hadi iwe ndogo kabisa. Mwaka 2013 Mjerumani mmoja, David Kriesel, aligundua kwamba baadhi ya mashine za Xerox zilikuwa zinabadilisha tarakimu kwenye nakala, 6 inatoka 8, kwa sababu ya mbinu ya kubana iitwayo JBIG2, ambayo huona maumbo mawili yanafanana ikatumia moja mahali pa yote. Ukurasa ulitoka safi, ila namba haikuwa ile. Hitilafu hiyo ilirekebishwa, lakini mtu wa kodi akisikia habari kama hiyo anapaswa kukosa usingizi angalau usiku mmoja.

Majina ya faili yaamuliwe siku ya kwanza, yaandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ukutani. Tarehe ianze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, ili kompyuta izipange zenyewe. Mteja atambuliwe kwa namba uliyompa wewe. Jina peke yake halitoshi. Sisi tuna akina Kamau watatu, na wawili wao wanauza matairi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Skana nyingi zina kipengele cha kufuta kurasa tupu. Ukiskani pande mbili, migongo mingi haina kitu, kwa hiyo programu hupima kila upande una wino kiasi gani, na ikiona ni mdogo kuliko kiwango fulani, inautupa. Haikuulizi wala haikuambii. Kwenye mashine yetu kilikuwa kimewashwa tangu ilipotoka kwenye boksi, na tulikipenda kwa sababu faili zilitoka nadhifu, hazina kurasa nyeupe katikati.

Tuna mteja wa siku nyingi, mzee anayeuza vipuri upande wa Grogan, Kirinyaga Road. Risiti zake za ununuzi za Januari hadi Juni 2021 zilikuwa za mashine za ETR (zile za dukani zinazorekodi mauzo kwa ajili ya kodi), ile karatasi laini isiyotumia wino, inayochapwa kwa joto. Mtu yeyote aliyewahi kuacha risiti hiyo kwenye dashibodi ya gari anajua tabia yake: joto huiharibu, jua huiharibu, mafuta ya mikono huiharibu, hata mfuko wa plastiki unaoiweka ndani ili uitunze huiharibu. Za mzee zilikuwa zimegeuka rangi ya majivu. Ukiinamisha dirishani ulisoma kila kitu, jina la muuzaji, PIN yake ya kodi, kiasi cha VAT. Karani wetu, mtu mwangalifu, alikuwa amezibandika kwenye karatasi kubwa nyeupe, mbili au tatu kwa kila moja. Karatasi 83. Najua idadi kwa sababu aliiandika kwa penseli juu ya boksi. Hakuna aliyeitazama penseli hiyo tena.

Tuliskani Julai. Tukafungua faili, tukaona kurasa tano za mwanzo ziko sawa, tukaona tano za mwisho ziko sawa, tukapeana mikono. Wiki iliyofuata makabati mawili yalitoka na karatasi zikauzwa kwa kilo. Ofisi ikawa na nafasi ya kochi. Tukanunua kochi.

Februari barua ikaja kutoka kwa watu wa ushuru. Mzee alitakiwa athibitishe VAT aliyodai kwenye ununuzi wa kipindi hicho, la sivyo dai lingekataliwa na kodi kukadiriwa upya. Sikushtuka hata kidogo. Nilikaa kwenye kochi, nikafungua faili nikinywa chai, nikaanza kulinganisha na daftari la ununuzi. Ya kwanza ipo. Ya pili ipo. Ya nne haipo. Nikadhani imekaa mahali pengine. Ya saba haipo, ya nane haipo. Nikamwita karani. Akatazama mwisho wa faili, akanyamaza, akaenda kulichukua lile boksi tupu tulilokuwa tunawekea maji ya chupa. Penseli: 83. Faili: kurasa 64.

Kurasa 19 zilikuwa zimetupwa kama karatasi tupu. Ndani yake, risiti 51. Na zilizotupwa, ona ubaya wake, ni zile zilizofifia zaidi, yaani zilezile zilizohitaji kuskaniwa kuliko zote.

Nilimpigia mzee simu nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, “Mama, mimi nilikuletea karatasi. Wewe umenirudishia hewa.” Sikuwa na jibu, nikamwambia, “Mzee, nipe wiki mbili.” Tulizunguka kwa wauzaji wa jumla mmoja baada ya mwingine, Kirinyaga Road hadi Industrial Area, tukiomba wachapishe upya nakala za mauzo ya karibu miaka minne nyuma. Wengine walitusaidia siku hiyohiyo. Wengine walituambia turudi kesho mara sita. Duka moja lilikuwa limefungwa, mahali pake kuna kinyozi. Tulipata 38. Kwa zile 13 zilizobaki mzee alilipa kodi, na adhabu na riba tukazibeba sisi. Bado ni mteja wetu. Ila siku hizi akileta risiti anaandika orodha yake mwenyewe kwenye kijitabu na kunitaka niisaini, nami nasaini.

Kwa hiyo: zima kipengele hicho. Kurasa tupu kwenye faili hazijawahi kumletea mtu barua. Hesabu karatasi kabla hazijaingia, andika idadi, zidisha kwa mbili kama unaskani pande zote, linganisha na idadi ya kurasa kwenye faili, na anayehesabu mara ya pili asiwe yule aliyeskani. Risiti zilizofifia zitenge, ziskani peke yake ukiwa umeongeza giza, na ukiona mashine haizisomi, zipige picha kwa simu karibu na dirisha. Hata siku hizi za eTIMS, mfumo wa ankara wa watu wa ushuru, ambapo ankara inazaliwa ikiwa ya kielektroniki, karatasi hazijaisha: kuna rekodi za nyuma, kuna nyaraka za forodha, kuna mishahara, kuna taarifa za benki ambazo mteja anazileta zimekunjwa mara nne.

Na usitupe mapema. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 kinataka nyaraka zitunzwe miaka 5 tangu mwisho wa kipindi zinachohusu, na kama kuna shauri ambalo halijaisha, ni hadi liishe. Sheria hiyohiyo inaruhusu rekodi ziwe kwa lugha rasmi yoyote kati ya mbili, kwa hiyo daftari la mteja lililojaa “deni la Mama Otis” ni nyaraka halali, liskani nalo. Sisi sasa kila boksi likishaskaniwa linaandikwa tarehe na kukaa miezi 6 kwenye stoo kabla halijaguswa. Likiwa la mteja mwenye mvutano wowote na watu wa ushuru, haliguswi kabisa. Kumbuka makadirio yakija una siku 30 tu za kuweka pingamizi, na siku 30 hazitoshi kutafuta karatasi iliyokwisha kuwa tishu.

Hati miliki, vyeti vya hisa, mikataba yenye sahihi na mihuri ya asili: hizo si zako kutupa. Mrudishie mwenyewe, asaini kuwa amepokea.

Weka daftari la skana. Tarehe, mashine gani, nani aliskani, karatasi ngapi. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inakubali rekodi ya kielektroniki lakini inataka cheti kinachoeleza ilitolewaje na kwa mashine ipi, kikisainiwa na anayehusika nayo. Ukingoja hadi siku ya shauri ndipo ukumbuke nani alikuwa kwenye mashine Julai ya mwaka juzi, utaanza kubahatisha mbele ya watu wasiopenda kubahatishwa.

Karatasi zinazotoka zikatwe vipandevipande, zisiuzwe zikiwa nzima kama tulivyofanya. Nimewahi kununua njugu karanga Nyamakima zimefungwa kwenye karatasi ya mshahara ya mtu: jina lake, PIN yake, makato yake yote, na chumvi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haitofautishi sana kati ya mwizi wa kompyuta na muuza njugu. Data ya mteja ikikuvuja una saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data. Ukishakuwa na faili hizo kwenye kompyuta, hali ni ileile, ila kinachovuja ni kikubwa zaidi. Angalia pia kama ofisi yako inapaswa kujiandikisha kwa Kamishna huyo, na mteja aelezwe kwa maandishi kwamba nyaraka zake zinahifadhiwa hivyo.

Nakala ziwe tatu: kompyuta ya ofisi, hifadhi ya mtandaoni, na diski ya nje ambayo haikai imechomekwa. Iliyochomekwa muda wote itafungwa na virusi pamoja na kompyuta, au itabebwa na mwizi pamoja na kompyuta. Diski hiyo iwe na nenosiri na isilale jengo moja na mashine. Na kila baada ya miezi mitatu chagua mteja mmoja bila kupanga, jifanye kompyuta imeungua, urudishe faili zake kutoka kwenye nakala. Mara ya kwanza tulipojaribu, nakala ya mtandaoni ilikuwa imesimama wiki tano kwa sababu kadi ya malipo ilikuwa imeisha muda.

Kuna na mengine madogo. Betri ya akiba chini ya meza, kwa sababu stima ikikatika katikati ya rundo hutajua uliishia wapi, anza rundo upya. Mfanyakazi akiacha kazi, nenosiri libadilishwe siku hiyo, hata kama mmeagana vizuri kwa keki. Wateja wanaotuma picha za risiti kwa WhatsApp, zihamishe kwenye folda jioni hiyohiyo, usiziache kwenye simu ya karani. Chai isikae juu ya skana. Mtoto wa jirani aliyekuja kuomba umskanie CV yake, mwambie aende saiba.