Kufuatilia mtoano wa kikapu cha wanawake wa vyuo vidogo Marekani, kuanzia hesabu za Februari hadi fainali

Kwenye kikapu cha wanawake cha Daraja la Tatu la NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, shabiki hupata habari Jumatatu mchana kwamba Ijumaa jioni timu yake inacheza mji fulani. Ndani ya siku hizo nne atafute tiketi, chumba, usafiri na ruhusa kazini, na pengine mji wenyewe una hoteli mbili tu. Kwa hiyo kazi kubwa ya msimu wa mtoano hufanywa kabla ya Jumatatu hiyo, na sehemu yake kubwa ni hesabu.

Anayekijua kikapu cha vyuo kupitia vigogo wa Daraja la Kwanza kama South Carolina au Connecticut asilete matarajio yale huku. Daraja la Tatu halitoi ufadhili wa masomo kwa ajili ya michezo. Kumbi nyingi hubeba watu elfu moja au mbili, na mechi nyingi za kawaida kiingilio ni bure. Lakini mpira wenyewe si wa kubahatisha. Mashindano haya ya kitaifa yalianza 1982, Elizabethtown wakawa mabingwa wa kwanza. Washington University ya St. Louis ilichukua kombe mara nne mfululizo, 1998 hadi 2001. Amherst walimaliza 2017 na 2018 bila kufungwa hata mechi moja, Transylvania wakafanya hivyo 2023, kisha New York University (NYU) 2024 na 2025.

Timu huingiaje

Nafasi ni 64. Vyuo vimejipanga katika ligi ndogondogo ziitwazo konferensi, na bingwa wa kila konferensi inayotambuliwa huingia moja kwa moja. Hizo hula zaidi ya nafasi 40. Zinazobaki, kama 20 hivi, ni za kuteuliwa, na idadi kamili hupatikana kwa kutoa konferensi zenye tiketi ya moja kwa moja kutoka 64. Konferensi karibu zote humpata bingwa kwa mtoano wa mwisho wa Februari, ambapo aliyemaliza juu ndiye mwenyeji. Konferensi ya UAA, ya akina NYU, Emory na Chicago, haina mtoano: anayeongoza msimamo siku ya mwisho ndiye bingwa. Shabiki wa timu ya UAA asisubiri nafasi ya kujikomboa kwenye mechi za mtoano, haipo.

Kuanzia msimu wa 2024–25, nafasi za kuteuliwa hugawiwa kwa NPI, kipimo cha kihesabu kilichochukua mahali pa orodha za kamati za kanda. Kila mechi hupewa thamani kwa kuangalia matokeo na nguvu ya mpinzani. Wastani wa thamani hizo ndio namba ya timu. Mambo matatu huwachanganya watu:

Kwanza, ushindi dhidi ya timu dhaifu ambao ungeshusha wastani huondolewa kwenye hesabu, ilimradi timu ibaki na idadi ya chini ya ushindi inayotakiwa. Kipigo hakiondolewi kamwe. Kumfunga kibonde kwa pointi 50 hakukusaidii, kufungwa naye kunakuumiza hadi Machi.

Pili, mechi dhidi ya vyuo vya madaraja mengine hazihesabiwi. Timu ikifungwa Novemba na chuo cha Daraja la Kwanza, usihangaike.

Tatu, namba yako husogea hata siku usiyocheza, kwa sababu wapinzani wako wamecheza. Ndiyo maana timu iliyopumzika Jumanne huamka Jumatano imeshuka nafasi mbili.

Sasa hesabu ya Jumapili usiku. Chukua orodha ya NPI, kata majina ya mabingwa wote wa konferensi, kisha hesabu kutoka juu mpaka nafasi za kuteuliwa ziishe. Yule wa mwisho ndiye aliye ukingoni. Kama timu yako iko karibu na ukingo huo, fainali za konferensi nyingine zinakuhusu kuliko unavyodhani. Tuseme timu ya tano kitaifa inafungwa fainali na timu ya 60. Ile ya 60 inaingia kama bingwa. Ile ya tano haitoki, inachukua nafasi ya kuteuliwa. Anayetoka ni yule wa ukingoni, ambaye siku hiyo hakugusa mpira. Kwa hiyo shabiki wa timu ya ukingoni wikendi hiyo huwashangilia vigogo kila mahali, hata wale anaowachukia mwaka mzima.

Kabla ya Jumatatu

Wikendi ya kwanza ina vituo 16, kila kimoja timu nne: mechi mbili Ijumaa, na washindi hukutana Jumamosi. Wikendi ya pili vituo vinne, mpangilio uleule. Wenyeji ni vyuo vilivyomo mashindanoni, kwa kawaida vile vya juu kwenye upangaji.

Kukisia kituo chako si uchawi. NCAA ndiyo inayolipia safari za timu, na haipendi kulipia ndege. Kwa miaka mingi kipimo kimekuwa maili 500, yaani kama kilomita 800: chini ya hapo timu huenda kwa basi. Chora duara la umbali huo kuzunguka chuo chako, tafuta ndani yake timu kubwa zinazoweza kuwa wenyeji, ondoa za konferensi yako, kwa sababu kamati hujaribu kuepuka timu za konferensi moja kukutana raundi ya kwanza. Utabaki na majina matatu au manne. Maine, Massachusetts, New York na Pennsylvania vyuo vimebanana, hivyo uwezekano ni mwingi. Texas na pwani ya Pasifiki ni wachache, nao hujikuta wakikutana wenyewe kwa wenyewe mwaka baada ya mwaka. Kulalamika hakujawahi kubadili hilo.

Kuna mtego mmoja. Chuo kikiwa na timu ya wanaume na ya wanawake zote zinazostahili kuwa wenyeji wikendi moja, ukumbi ni mmoja, na kipaumbele hubadilishana mwaka hadi mwaka kati ya wanaume na wanawake. Timu ya wanawake iliyo nafasi ya tatu kitaifa inaweza kusafirishwa kwa sababu hiyo tu. Angalia wanaume wa chuo hicho wako wapi kabla ya kuweka chumba.

Chumba weka Jumamosi au Jumapili, katika miji yote mitatu au minne, usiku wa Ijumaa na Jumamosi, kwa bei ile inayoruhusu kufuta bila kukatwa. Soma saa ya mwisho ya kufuta, nyingine ni saa 24 kabla, nyingine 48 au zaidi. Jumatatu ratiba ikitoka, futa visivyohitajika ndani ya saa moja, wengine wanavisubiri. Usiache hadi Jumanne: timu tatu zinazosafiri huchukua vyumba vingi kwa mpigo, kisha wazazi, na mji mdogo umekwisha.

Hakikisha pia ni chuo chenyewe. Wheaton ipo Illinois na nyingine Massachusetts, zote Daraja la Tatu. Trinity ipo Connecticut na nyingine Texas. Wesleyan ya Connecticut si Illinois Wesleyan wala Ohio Wesleyan. DePauw, bingwa wa 2007 na 2013, iko mji mdogo wa Greencastle, Indiana. DePaul iko Chicago na ni Daraja la Kwanza. Na Washington University haiko Washington.

Siku ya mechi

Mtoano wa kitaifa una kiingilio hata pale ambapo msimu mzima uliingia bure, na kitambulisho cha chuo hakikupitishi. Nunua mtandaoni mara kiungo kinapotolewa, kwa kawaida kwenye ukurasa wa michezo wa chuo mwenyeji. Mwenyeji mara nyingi hupangiwa mechi ya pili Ijumaa, na ndiyo inayojaza ukumbi. Soma tiketi inahusu mechi zote mbili au moja. Vuvuzela, honi na spika za mkononi haziruhusiwi kwenye mashindano ya NCAA. Ngoma ya shangazi ibaki kwenye gari. Mikono na sauti vinatosha, kwenye ukumbi wa watu elfu moja mchezaji anakusikia kwa jina.

Machi ya mwanzo ni theluji bado huko Maine, Michigan, Minnesota na kaskazini mwa New York. Ukiwa unatoka zaidi ya saa tatu kwa gari, lala huko Alhamisi. Kwa Waswahili wa Portland na Lewiston, jimboni Maine, ambako wapo wengi waliotoka Congo, Burundi na Rwanda, jambo ni jepesi zaidi: Bates iko Lewiston penyewe, na Bowdoin, waliofika fainali 2018 na 2019, wako Brunswick, kituo cha mwisho cha treni ya Downeaster inayotoka Boston kupitia Portland.

Mchezo wenyewe una tofauti chache na ule wa wanaume wa vyuo. Wanawake hucheza robo nne za dakika 10 tangu msimu wa 2015–16. Wanaume bado wana vipindi viwili. Kuanzia faulo ya tano ya timu katika robo, mpinzani hupewa mitupo huru miwili, na hesabu huanza upya robo inayofuata. Kwa hiyo angalia ubao wa faulo kila robo ikifika katikati: timu yenye nne dakika ya tano italegeza ulinzi, na hapo ndipo mpinzani atapenya kuelekea kikapuni. Dakika ya mwisho ya mchezo, timu iliyofungwa kikapu ikiomba taimauti inaweza kuuanzishia mpira upande wa mbele. Sekunde nne zinatosha. Usivae koti mapema.

Jumamosi usiangalie nani alishinda kwa pointi nyingi jana, angalia dakika. Fungua karatasi ya takwimu za Ijumaa uone wachezaji watano wa kwanza walicheza ngapi kati ya 40. Timu ambayo wanne wao walizidi 36, tena mechi ya usiku, hupungua nguvu robo ya nne ya Jumamosi: mitupo ya pointi tatu huanza kugonga mbele ya pete, ribaundi za kushambulia huisha. Timu yenye benchi la watu wanne wanaoaminika ina thamani kubwa Jumamosi kuliko namba yake ya NPI inavyoonyesha.

Ukiwa mbali

Kwa aliyeko Nairobi, Dar es Salaam au Kampala, tatizo la kwanza ni saa. Mechi iliyoandikwa 7:00 p.m. kwa saa za Mashariki ya Marekani ni saa 1 usiku kwao; ongeza nane, kwako ni saa 9 usiku, na tarehe ni Jumamosi tayari. Ya saa 11 jioni ni saa 7 usiku. Kwa saa za Kati, yaani Illinois, Wisconsin, Minnesota au Texas, ongeza tisa. Kigali, Bujumbura, Goma na Bukavu watoe saa moja kwenye jibu, Muscat waongeze moja. Halafu Jumapili ya pili ya Machi Wamarekani husogeza saa mbele, na nane inakuwa saba, tisa inakuwa nane. Hapo ndipo watu hukosa robo mbili za kwanza. Mwaka 2024 badiliko lilikuja baada ya wikendi ya pili, 2025 baada ya ya kwanza, kwa hiyo usikariri, angalia kalenda ya mwaka husika.

Matangazo mubashara ya raundi za mwanzo hurushwa na chuo mwenyeji. Kiungo kiko kwenye ukurasa wa mwenyeji, hata kama timu yako ndiyo inayocheza na timu nyingine ya wageni. Anayekesha kwenye ukurasa wa chuo chake huishia kutazama marudio ya Januari. Tovuti ya D3hoops.com hukusanya ratiba yote na viungo vyake mahali pamoja, anza hapo. Baadhi ya konferensi hutoza pesa kutazama mechi zake za Februari, kwa hiyo jaribu kiungo siku moja kabla, usisubiri mpira urushwe.

Mechi huchukua kama saa moja na dakika 45 hadi saa mbili. Kwa bando dogo, shusha ubora hadi 480p. Mechi nzima itakula kama GB 1 hadi 1.5. Bando likiisha, takwimu mubashara hula kidogo sana na hukupa kila kikapu, faulo na badiliko la mchezaji. Takwimu hutangulia picha kwa nusu dakika au zaidi, kwa hiyo chagua moja. Na kama unatazama picha, zima kundi la familia la WhatsApp: yupo binamu ukumbini, naye hana huruma.

Wikendi ya mwisho

Nusu fainali na fainali ndizo pekee zenye mahali panapojulikana mapema sana, na hapa hesabu hugeuka. Mwaka 2024 zilikuwa Columbus, Ohio, na 2025 Salem, Virginia, kwenye ukumbi wa Cregger Center wa Roanoke College. Ratiba za miaka hiyo miwili ziliweka nusu fainali Alhamisi na fainali Jumamosi, Ijumaa ikiwa ya kupumzika, kwa hiyo chumba ni usiku tatu. Kiweke Desemba, kwa bei ya kufutika, kama timu yako ina dalili yoyote ya kufika.

Fainali zikiwa Salem, uwanja wa ndege wa karibu ni Roanoke, ambao una ndege chache na nauli yake hupanda haraka. Treni ya Amtrak hufika Roanoke tangu 2017 kutoka Boston, New York na Washington, nayo ni nafuu kwa anayeishi njiani. Kutoka stesheni hadi ukumbini si mbali kwa gari. Tiketi ya treni inunuliwe usiku uleule timu inaposhinda robo fainali, kabla hujaanza kupiga simu nyumbani.