Namna ya kuwafundisha vijana wa Mombasa mjadala wa kuandikishwa jeshini kwa lazima

Mwalimu wa historia au kiongozi wa kikundi cha vijana anayetaka kulianza somo hili huenda akaulizwa, na kwa haki, linamhusu nini kijana wa Likoni au Kisauni ambaye nchi yake ina jeshi la watu wanaojiunga kwa hiari. Linamhusu kwa sababu sheria za namna hii hupitishwa kwa haraka, wakati wa hofu, na huwaangukia hasa watu wa rika lake, ilhali wanaozipitisha kwa kawaida wameshauvuka umri wa kuchukuliwa. Uingereza mwaka 1916 ilianza na wanaume wasiooa wa miaka 18 hadi 41. Ukraine mwaka 2024 ilishusha umri wa kuitwa vitani kutoka miaka 27 hadi 25. Mbiu ya mgambo ikishalia, nafasi ya kupima hoja kwa utulivu huwa imekwisha, kwa hiyo kazi hiyo yafaa ifanywe wakati wa amani.

Anza na Pwani yenyewe. Wapeleke vijana kwenye sanamu za askari zilizoko barabara ya Jomo Kenyatta, zinazowakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ambazo wengi wao huzipita ndani ya matatu bila kuzitazama mara ya pili, uwape muda wa kusoma maandishi yake, kisha uwaulize swali moja tu: kati ya watu wanaokumbukwa hapa, ni nani aliyeulizwa kama anataka kwenda? Swali hili ndilo uti wa somo zima, na kila mfano utakaofuata urudishwe kwake.

Kutoka hapo ingia katika habari za Wagiriama, na usiwe na haraka. Mwaka 1913 serikali ya kikoloni ilikuwa ikidai kodi na vijana wa kufanya kazi nje ya kwao. Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, alizunguka akiwahimiza watu wakatae, viapo vikaliwa Kaya Fungo, mahali patakatifu pa Wagiriama, naye akakamatwa mwezi Oktoba mwaka huo na kupelekwa Kisii, alikotoroka na kurejea. Vita vya Dunia vilipoanza mwezi Agosti 1914 haja ya wapagazi ilizidi, Kaya Fungo ikalipuliwa kwa baruti, na mapigano yakazuka. Baada ya kushindwa, Wagiriama walitozwa faini ya rupia 100,000 na kutakiwa kutoa vijana 1,000 wa kazi. Waonyeshe vijana kwamba huu nao ulikuwa mjadala wa kuandikishwa kwa lazima, ingawa vitabu vingi huuita uasi tu. Upande mmoja ulikuwa na bunduki na haukuwa na desturi ya kusikiliza.

Sheria iliyotungwa mwaka 1915 iliwawezesha wakuu wa wilaya kuwaagiza machifu watoe watu wa kubeba mizigo ya jeshi, na mwaka 1917, chini ya John Ainsworth, ofisa wa serikali ya kikoloni, msako mkubwa ulienea nchini. Wapagazi waliofariki ni zaidi ya 40,000 kwa hesabu za serikali yenyewe, na wengi wao waliuawa na maradhi na njaa kuliko risasi. Vijana wakadirie wenyewe ni mara ngapi uwanja wa mpira wanaoufahamu ungejaa kwa idadi hiyo.

Baada ya hapo ndipo uvuke bahari. Nchini Australia wananchi waliulizwa kwa kura mwezi Oktoba 1916 kama wanaume walazimishwe kupigana ng'ambo, wakakataa kwa tofauti ya kura 72,476. Walipoulizwa tena mwezi Desemba 1917, walikataa tena. Uingereza haikupiga kura ya namna hiyo, lakini iliunda mabaraza ya mitaa ambako mtu aliyeitwa aliweza kuomba asamehewe. Usiwaache vijana wakadhani kwamba waliofika mbele ya mabaraza hayo wote walikuwa wapinga vita. Waliokataa kwa sababu ya dhamiri walikuwa takriban 16,000, ilhali waombaji walio wengi walizungumzia duka litakalofungwa, mama mgonjwa asiye na mwingine wa kumtunza, au kazi ambayo taifa haliwezi kuikosa.

Mabaraza hayo yanafaa sana kuigizwa darasani, na kwa maoni yangu zoezi hili hufundisha kuliko mdahalo wa kawaida wa wanaounga na wanaopinga, ambao mara nyingi huishia kumpa ushindi mwenye sauti kubwa. Wateue vijana watano wawe baraza, mmoja wao akiwa mwakilishi wa jeshi, na wengine wapewe hali zinazofahamika hapa: kuli wa Kilindini mwenye wadogo watano, mvuvi wa Mtwapa, mwanafunzi wa madrasa anayesema dini yake haimruhusu kupigana vita hivi, kijana ambaye nduguye ameshauawa vitani. Baraza liamue papo hapo na litoe sababu, kisha wabadilishane nafasi, maana aliyekuwa mkali akiwa hakimu hujieleza kwa namna nyingine akiwa mwombaji.

Hatimaye wafungue Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Kifungu cha 30 kinakataza kazi ya kulazimishwa, na cha 32 kinasema mtu asilazimishwe kutenda jambo lililo kinyume na imani yake. Waulize vijana kama vifungu hivyo vingeweza kusimama mbele ya adui aliyekwisha kuvuka mpaka, na wale wanaojibu kwamba nchi isiyoweza kuwaita watu wake haiwezi kujilinda wapewe muda wa kutosha, kwa sababu hoja yao ina uzito na haifai kuzomewa.

Kabla ya kikao chochote, ulizia kwa faragha kama miongoni mwa vijana wapo wenye jamaa walio katika jeshi la ulinzi, au waliokimbia nchi ambako utumishi wa jeshi hauna ukomo, kama Eritrea, ambako miezi 18 iliyotajwa na sheria ya mwaka 1995 imegeuka kuwa miaka mingi. Kijana kama huyo asilazimishwe kusimulia. Akipenda kuzungumza, mwache amalize, na maswali ya wenzake yapitie kwako kwanza.